Mgeni Ndani ya Mashine ya Prefe

Prefe alistaafu, lakini kengele yake ilikataa kustaafu. Ilikuwa jante, yaani rimu ya gurudumu la lori, iliyoning'inizwa kwenye mti wa avoka mbele ya nyumba yake, kule juu Masisi, na aliigonga kwa kipande cha nondo kila siku ya kazi: asubuhi ya kuingia darasani, saa ya mapumziko, na mchana wa kurudi nyumbani. Mwanafunzi hakuwepo hata mmoja. Walikuwepo Mama Prefe mkewe, mbuzi, na shamba la maharage lililoshuka hadi mtoni. Mama Prefe aliniambia kwamba mwanzoni kengele ilimchosha akili, halafu akagundua kuwa maharage yakiwekwa jikoni kwenye kengele ya mapumziko yanaiva barabara kwenye kengele ya kwenda nyumbani, basi akaiacha. Siku Prefe alipolala na malaria na jante ikanyamaza, majirani walikuja mmoja mmoja kuuliza kama leo ni sikukuu.

Alikuwa prefe wetu, yaani mkuu wa shule yetu ya sekondari, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Leo nina duka dogo Sake, pale njia ya Masisi inapokutana na ya Goma na ya Minova. Ninachapa barua za watu, ninatoa fotokopi, ninachaji simu, ninaweka nyimbo kwenye kadi. Kwa Prefe hayo yalitosha kunifanya injinia. Kila kitu chenye waya kilichomshinda alinipigia simu, na hakuanza hata mara moja na salamu. Alitaja jina langu lote, la nyumbani na la ubatizo, kama anaita darasa asubuhi, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto na duka, nilijikuta nimesimama katikati ya wateja nikijibu, "Présente, Papa Prefe!"

Alitoa alama kwa kila kilichopita mbele yake. Kwenye karatasi za shule zetu mwanafunzi hupewa alama za masomo, halafu chini kabisa za tabia na za bidii, conduite na application, na hizo mbili za chini ndizo Prefe aliziamini. Mahubiri ya pasta: application nzuri, conduite ndefu. Dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyemfikisha salama lakini akimwimbia njia nzima: application nzuri, conduite mbaya. Mbuzi wake, kwa kauli yake, alikuwa anarudia darasa. Mvua ya Masisi ilipata application ya juu kila mwaka, lakini conduite yake haikuwahi kupanda, na nitaeleza kwa nini. Mama Prefe peke yake hakupewa alama. Nilipouliza sababu, Prefe aliangalia kwanza mlango wa jikoni, kisha akaniinamia.

"Ule njo mukaguzi," akasema.

Neno lake kubwa lilikuwa moja, la kanuni: "Kila kintu iko na règlement." Alilisema kwa wanafunzi waliokimbia kwenye baraza wakati bati limetoboka na mvua inawapiga kichwani. Alilisema kwa fundi aliyemjengea choo. Alilisema kanisani, kwenye kikao cha kupanga viti vya harusi, mpaka bwana harusi akaomba kusimama. Ukimsikia hivyo utafikiri ni mtu wa rula kuanzia kichwani mpaka viatuni.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo rula yake haikulifikia, nalo ni mgeni. Hapo Prefe alikosa kipimo kabisa. Nilipomtembelea alinikalisha kwenye kiti chake cha matakia, naye akachukua kile kigoda cha kumenyea muhogo, magoti yakimgusa kidevu, akanihutubia kutoka huko chini juu ya nidhamu ya vijana wa leo. Paja la kuku lilikuwa langu, la pili pia lilikuwa langu, naye akatafuna shingo akisema anaipenda. Mama Prefe aliniambia hawezi kuivumilia shingo ya kuku tangu walipooana.

Mama wa Kashuga alimpata Prefe huyo huyo. Tulimwita hivyo kwa kuwa alifika kutoka Kashuga akikimbia risasi, na watoto wake nyuma yake na sufuria kichwani. Kila nyumba ya kilima ilichukua familia, ndiyo desturi yetu, hakuna anayengoja kuambiwa. Wengine walitoa jiko, wengine chumba cha nyuma. Prefe alitoa chumba chake mwenyewe, na kitanda, na shuka la harusi. Yeye na Mama Prefe walihamia stoo, katikati ya magunia ya maharage. Miaka ilipita, na walikuwa bado stoo.

Sasa niseme juu ya vifuniko. Shuleni tulicheza dame, yaani drafti, kwa vifuniko vya chupa, saa ya mapumziko na, kwa wale wa nyuma, saa ya hesabu pia. Prefe aliuchukia mchezo huo kuliko bangi. Aliwanyang'anya watu vifuniko, akavitia mfukoni mwa koti, na mfuko ulijaa hivi kwamba tulimsikia akija kutoka mbali, chakacha chakacha, tukapata muda wa kukaa vizuri. Tulidhani anavitupa chooni. Kumbe kila Jumamosi alivimwaga juu ya ubao uliochorwa kwa makaa, nyumbani kwake, na kuvicheza na muganga.

Muganga, muuguzi wa kituo cha afya, alikuwa rafiki yake wa pekee: mfupi, mcheshi, mwenye koti jeupe ambalo kila kifungo kilitoka kwenye nguo nyingine. Prefe ni mprotestanti, akacheza na vifuniko vya soda. Muganga ni mkatoliki, akacheza na vya bia. Walicheza hivyo miaka, hadi Jumamosi moja mvua iliponyesha ghafla. Maharage ya Mama Prefe yalikuwa yameanikwa uani. Prefe akatoka mbio kuyaingiza, na aliporudi akaona kifuniko kimoja cha bia hakiko alipokiacha.

"Umesogeza," Prefe akasema.

"Njo upepo," muganga akajibu.

Kwa upepo huo hawakusemeshana tena. Muganga alipohamishwa kwenda Kibua, huko Walikale, alipita mbele ya mti wa avoka na mizigo yake juu ya moto, na Prefe akagonga kengele ya mapumziko ili asisikie kama anaagwa. Tangu siku ya upepo ule mvua ilishindwa conduite.

Mashine ndiyo iliyowapatanisha. Mradi mmoja ulipita ukaacha kompyuta kuukuu hapa na pale, moja shuleni kwetu, moja kwenye kituo cha afya cha Kibua, na shule ilipopata nyingine ile kuukuu ikabaki mikononi mwa Prefe. Ndani ya zote mbili kulikuwa na mchezo wa dame. Mama Prefe, aliyechoka na mume anayenung'unika Jumamosi nzima, ndiye aliyegundua fadhila yake: mchezo ule hukataa mtu kusogeza punje, yaani kete, visivyo. Ukijaribu, unapiga kelele kama chura. Akamtumia muganga salamu kupitia dereva wa moto, na muganga akajibu kwamba yuko tayari, kwa sharti kwamba mashine ndiyo iwe refa.

Basi wakaanza mchezo mmoja. Prefe alisogeza punje moja, akaweka mchezo kwenye kile kifimbo cha USB ambacho sisi tunakiita ufunguo, akampa dereva wa moto anayekwenda Walikale. Dereva aliuvaa shingoni kama msalaba. Njia ikiwa kavu, jibu lilirudi upesi. Njia ikiwa tope, Prefe alisubiri mpaka avoka zikaiva. Hawakuandikiana neno wala hawakupigiana simu. Ilikuwa punje moja kwenda, punje moja kurudi, na Prefe alikuwa mtu mwenye furaha.

Halafu panya akaikojolea kompyuta yake. Sitanii. Niliifungua mwenyewe hapa Sake nikaona bamba lote la ndani limeota kutu ya kijani, na harufu yake ikafukuza wateja. Ilikuwa imekufa. Binti yake aliyeko Goma akamnunulia kompyuta mpya, nyembamba, na hiyo mpya ilipouona mchezo wa zamani ikakataa hata kuufungua. Sistemu mpya haikuelewana na programu ya enzi zile.

Prefe akanipigia. Aliniita majina yote, nikasimama.

"Ni zamu yangu," akasema. "Muganga anangoya."

"Papa Prefe, mumwambie tu kompyuta imekufa. Panya si kosa lenu."

Akashusha sauti.

"Binti, miye nilikuwa naanza kushindwa," akasema. "Kidogo. Sasa muntu anaanza kushindwa, na mashini yake inakufa na panya. Weye ungeamini? Atasema ile panya ni miye nilimutuma."

Hapo nikaelewa. Kama zamu ile isingefika Kibua, muganga angejua, kwa hakika ya mtu anayejijua mwenyewe, kwamba Prefe amemkimbia. Na wangemaliza maisha yao wakinuniana kutoka kilima hadi msitu. Nilipendekeza wachore ubao, kila mmoja kwake, waendelee kwa vifuniko. Prefe aliuliza kama nimepigwa na jua.

Nikapanda Masisi kwa moto, na diski ya sistemu ya zamani begini. Nilimweleza hivi: kuna programu zinazotengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta ya kweli. Mle unaweka sistemu ya zamani, nayo inaishi kama iko kwake, bila kujua kwamba inalala ndani ya nyingine. Hata walioziunda wanaziita hivyo, ile ya kweli mwenyeji na ile ya ndani mgeni.

Prefe aliinuka kigodani.

"Kumbe mashini nayo inapokeaka bageni?"

"Inapokea, Papa."

"Hata iyi mupya? Ya ku Goma?"

"Hata hii."

Aliigusa kompyuta ile mara ya kwanza kwa upendo, kama mtu aliyegundua kuwa mkwe asiyemjua ni wa kanisa lake.

Shida ilikuwa kwamba programu za namna hiyo ziko kadhaa, na nilitaka nimwekee moja niliyoizoea, nishuke kabla mvua haijaharibu njia. Nilisahau niko kwa nani. Mwalimu haajiriwi Masisi bila kusimama mbele ya jopo na kutoa somo la majaribio, na Prefe hakuona kwa nini programu ipite dirishani. Akagonga jante. Akaweka benchi mbele ya meza, akakaa katikati, Mama Prefe kulia. Mama wa Kashuga alikuwa mlangoni akichambua maharage, akaambiwa anaweza kusikiliza bila kura. Mimi nikawa mwendesha kompyuta, waya ukitoka kwenye betri ya sola.

"Wa kwanza aingie," Prefe akasema.

Wa kwanza ilikuwa ile inayokuja pamoja na sistemu yenyewe, ya nyumbani kabisa. Nikaitafuta, haikuwepo. Aina ya sistemu aliyonunua binti yake haikuwekewa.

"Absent," Prefe akasema. "Bila ruhusa. Conduite sufuri. Wa pili."

Wa pili ilikuwa nzuri ya sura, maandishi yake makubwa. Kabla ya kufanya lolote ikadai leseni.

"Anaomba mushahara na bado hayafundisha," Mama Prefe akasema.

"Atoke. Wa tatu."

Wa tatu ilikuwa ya bure na yenye nguvu, lakini haina sura. Ni dirisha jeusi tu, na unaiandikia amri kwa herufi, ukikosea nukta inakaa kimya. Prefe alisogea, akaitazama kwa heshima kubwa.

"Ule ni mutu ya akili sana," akasema. "Nilikuwaka na mwalimu ya namna ile. Anajua yote, na batoto hawamusikie hata neno. Apewe application ya juu, na arudi nyumbani."

Wa nne ilikuwa ile niliyotaka tangu asubuhi: ya bure, yenye vitufe, na maneno ya Kifaransa. Ilifunguka, ikasalimia, ikauliza mgeni ataitwa nani. Prefe akatazama jopo.

"Anauliza jina ya mugeni," akasema kwa sauti iliyobadilika. "Mumeona? Mbele ya kintu yote, anauliza jina."

Ikachukuliwa kwa kauli moja. Hata hivyo haikuweza kuanza kazi, kwa sababu kompyuta ilikuwa imefungiwa ruhusa ya kupokea mgeni. Ruhusa hiyo iko chini kabisa, unaifikia kwa kubonyeza kitufe wakati mashine inaamka, kabla sistemu haijafumbua macho. Nilidhani Prefe atakasirika. Alifurahi hadi akapiga paja. Alisema hata Mama wa Kashuga, siku alipofika, kwanza walikwenda kumwonyesha kwa chifu wa kijiji. Kila kintu iko na règlement. Niliiwasha ruhusa, tukarudi juu.

Kisha tukafika kwenye kumbukumbu, na hapo ndipo palipotuua.

Kompyuta ina kumbukumbu ya kufanyia kazi, na ni lazima useme mgeni atapata kiasi gani. Programu inakuonyesha mstari wenye kitufe cha kusogeza: kijani, halafu rangi ya machungwa, halafu nyekundu. Kijani ni salama. Nyekundu maana yake umempa mgeni hata pumzi ya mwenyeji. Sistemu ile ya zamani haikuhitaji kitu, kidole kimoja cha kijani kingetosha. Nikaweka pale. Prefe akaniondoa mkono taratibu, akashika kipanya, akakisukuma kitufe hadi mwisho wa nyekundu.

"Papa, hiyo ni karibu yote."

"Naona."

"Mwenyeji atabaki bila kitu."

"Mwenye nyumba anajipanga. Nani alisha kuona mugeni anapewa kipande?"

Tukawasha. Mshale ukaganda, feni ikapiga kelele, kisha kimya. Mashine yote ilisimama, mwenyeji na mgeni pamoja. Nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha upya, nikarudisha kijani, naye akakirudisha kwenye nyekundu. Ikasimama tena. Nikamwambia ukweli, kwamba akikiacha pale, zamu yake haitafika Kibua milele. Alijua. Nikamwona anamtaka muganga kwa moyo wote, na bado mkono wake haukuweza kumpunguzia mgeni, hata mgeni asiye na mwili. Nilikasirika, nikasema kwa ukali ambao sijawahi kuutumia mbele yake kwamba hii ni kompyuta, Papa, si mtu. Akashika kitufe, akakivuta nyuma kidogo, akakirudisha.

"Papa."

Alikuwa Mama wa Kashuga, na ungo mapajani. Hakuwa na kura, na hakuinua macho.

"Papa, miye tangu nifike hapa sijalala muzuri."

Prefe aligeuka. "Batoto wanapiga kelele?"

"Hapana. Ni kitanda. Kila asubui namuona Mama anatoka mu stoo na mugongo imeinama, na miye natoka mu shuka ya harusi yake. Sijue hata niweke macho wapi. Nikitaka kukemea batoto wangu, naona aibu, nyumba si yangu. Nikitaka kuomba chumvi, naona aibu, nilisha pewa yote. Miye nilitafutaka kakona tu, Papa. Kakona na mulango yake. Pale ningekaa kama muntu."

Mama Prefe alikuwa anaangalia mikono yake. Nilielewa kwamba mukaguzi alikuwa na ripoti hiyo siku nyingi, na alikuwa anangoja isomwe na mgeni mwenyewe.

"Na mwenye nyumba akisimama," Mama wa Kashuga akaongeza, akirusha maharage kwenye ungo, "mugeni ataenda wapi tena?"

Prefe aliigeukia meza. Kisha akashika kipanya kwa mikono miwili, akakivuta kile kitufe kutoka nyekundu, akapita machungwa, akaingia kijani, polepole. Aliniuliza kama mgeni atakuwa na mlango wake. Nikamwambia ndiyo, atakuwa na dirisha lake mwenyewe, atafungua na kufunga anavyotaka.

"Aya. Washa."

Ikawaka. Ndani ya dirisha dogo, katikati ya kompyuta mpya ya Goma, sistemu ya zamani ikaamka na ule muziki wake wa zamani wa kuamkia, na Prefe akavua kofia. Nikauweka mchezo kutoka kwenye ufunguo. Ubao ukatokea, punje kila moja mahali pake. Hapo nikaona kwamba "kidogo" ya Prefe ilikuwa uongo mtupu. Alikuwa anachinjwa. Punje zake zilizobaki zilikuwa zimejibanza pembeni. Aliziangalia kwa mapenzi, akasogeza moja, na kabla sijashuka alikuwa tayari barabarani akisimamisha moto yoyote inayoelekea Walikale. Siku hiyo hiyo, Mama Prefe aliniambia baadaye, yeye na Prefe walirudi chumbani kwao, na Mama wa Kashuga akapewa chumba cha nyuma na komeo.

Mchezo uliendelea muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kushindwa. Kisha vita vikapanda kilima kile pia.

Prefe alifika dukani kwangu Sake juu ya moto, begi la kompyuta kifuani, bila jante. Mama Prefe, Mama wa Kashuga, watoto na mbuzi walikuwa wamepitiliza hadi Goma kwa binti. Yeye aligoma. Alisema zamu ni ya muganga, na njia ya Walikale inapita Sake, haipiti Goma. Nilimwonyesha chumba changu na kitanda changu. Alisimama mlangoni akakipima kwa macho.

"Binti, umenipatia ngapi?"

"Yote, Papa Prefe."

"Basi utasimama," akasema. Akaenda nyuma ya mashine ya fotokopi, akatandika mkeka, akaniomba pazia. Nikatundika pazia nikilia, na sikujali wateja wakiniona.

Kila siku alitoka kuwauliza madereva wa moto kama wana ufunguo. Hawakuwa nao. Siku moja moto ikasimama na muganga mwenyewe akashuka, amekonda, koti lake limebaki na kifungo kimoja. Kompyuta yake ilibaki Kibua, hakujua kwa nani. Hawakuwa wamesemeshana tangu siku ya upepo. Nilisubiri wakumbatiane au wapigane.

"Ni zamu yako," Prefe akasema.

"Najua," muganga akajibu.

Lakini courant, yaani umeme, ilikuwa imekatika mji mzima, na betri ya kompyuta imekwisha. Mgeni alikuwa amelala mle ndani na ubao wake, na hatukuwa na la kumwamsha. Prefe aliangalia kompyuta, akaangalia muganga. Halafu akaingiza mkono chini kabisa ya begi, akatoa soksi, akaimwaga juu ya kaunta yangu. Chakacha. Mtu aliyekimbia bila godoro alikimbia na vifuniko vyetu.

Nilichora ubao juu ya katoni ya karatasi. Muganga alikalishwa kwenye kiti changu, Prefe akachukua ndoo akaigeuza, magoti kidevuni. Soda huku, bia kule. Walicheza bila maneno, kila mmoja akichunga vidole vya mwenzake. Halafu mvua ikaanguka ghafla, na nguo zetu zote zilikuwa kwenye kamba. Niliinuka, lakini Prefe alinitangulia.

"Kaa, binti. Miye naenda."

Alisimama. Aliutazama ubao kidogo, akamtazama muganga, akageuka, akatoka na kutuachia mgongo wake.

Ninaapa kwa macho yangu mawili: muganga alisogeza. Alisubiri pazia la mlango litulie, akanyoosha kidole kimoja, akasukuma kifuniko cha bia, akarudisha mkono mapajani, akaanza kuangalia bati. Hakunionea hata aibu.

Prefe alirudi amelowa, nguo za wanangu begani. Aliketi juu ya ndoo. Akaangalia ubao, midomo yake ikahesabu, na nikaona macho yake yamefika pale pale na yamesimama. Nikangoja règlement. Muganga naye aliingoja, maana shingo yake ilikuwa imeingia ndani ya kola.

"Zamu ya nani?" Prefe akauliza.

"Yako," muganga akasema.

"Aya."

Akachukua kifuniko cha soda, akafikiri, akakisogeza mbele. Nje mvua ilikuwa inapiga bati la Sake nzima.

"Iyi mvua," Prefe akasema. "Conduite yake, leo, ni nzuri sana."